Krismasi ya Kujitolea Nje ya Nchi: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Kila mwaka mvua za kwanza zikishashika Uyole, maswali yanaanza. Wengine wananipigia, wengine wananisubiri nje ya kanisa baada ya ibada, na wazazi wengine wanakuja nyumbani kabisa na mtoto wao nyuma. Mimi ni mzaliwa wa Rungwe. Nilikaa mwaka mzima Ujerumani kama mtu wa kujitolea katika nyumba ya wazee, na kwa miaka kadhaa sasa nawasindikiza vijana kwenda Karonga, kaskazini mwa Malawi, kwa wiki mbili za Krismasi na mwaka mpya. Yafuatayo ndiyo ninayoulizwa, pamoja na majibu ninayotoa.

Kujitolea nje ya nchi si mambo ya Wazungu?

Tumefikiri hivyo kwa sababu ndivyo tulivyoona. Mtoto aliyekulia karibu na hospitali ya Ilembula, Isoko au Tosamaganga ameona mavolontia wa kigeni tangu hajaanza darasa la kwanza. Macho yakazoea kwamba mgeni ndiye anayetoa na mwenyeji ndiye anayepokea. Lakini kazi yenyewe ni ya kwetu. Jirani akifiwa, nani anangoja kuitwa? Mmoja anabeba kuni, mwingine anachota maji, kina mama wanalala msibani siku tatu. Kujitolea nje ya nchi ni jambo hilohilo, ila kuna mpaka wa kuvuka na karatasi za kuonyesha.

Lazima iwe Ulaya?

Hapana, na hili nalisema kwa uzito kuliko mengine yote kwenye ukurasa huu. Nje ya nchi inaanzia Kasumulu. Ukipanda Coaster stendi ya Nane Nane asubuhi, ukapita Tukuyu na njia panda ya Kyela, mchana unaweza kuwa umevuka daraja la mto Songwe, uko Malawi. Ukielekea upande mwingine, Tunduma, ukivuka geti unaingia Nakonde, Zambia. Vijana wengi wa Mbeya wamefika mipaka hiyo mara kumi kwa ajili ya biashara, na hawajawahi kufikiri kwamba ng'ambo kuna hospitali yenye wagonjwa watakaokula Krismasi peke yao.

Ulaya nimeishi na siibezi. Ilinifunza mengi, nitayaeleza hapa chini. Lakini anayeniambia anataka kuhudumia watu, kisha nikimtajia Karonga anakunja uso, huyo namwomba akae kwanza ajiulize anachokitaka. Kutaka kuona dunia si dhambi. Tatizo ni kuiita huduma.

Mama anasema Desemba ni ya shamba. Nimjibu nini?

Usimjibu, msikilize. Huku kwetu Desemba mahindi yanapandwa au yanapaliliwa, na shule zikifungwa ndipo mikono inapatikana. Ukiondoka wiki mbili, pengo lako anaziba mdogo wako au mama mwenyewe mwenye mgongo unaouma. Kijana mmoja wa Igurusi alinijia na jibu zuri: alipanda robo tatu ya shamba mwishoni mwa Novemba kwa kudamka saa kumi na moja kila siku, na iliyobaki akaelewana na binamu yake kwamba atamlipa kwa kumsaidia kuvuna. Akaja na barua ya baba. Huyo nilimpokea bila swali la pili. Ambaye ameacha ugomvi nyumbani namrudisha, hata kama mkoba ameshafunga, kwa sababu ugomvi huo ataubeba hadi ugenini na wenyeji watauona.

Wiki mbili tu zinasaidia nini?

Inategemea umekwenda kufanya nini. Wiki mbili hazitoshi kufundisha darasa wala kujenga zahanati. Ukijipa kazi hizo unawaachia wenyeji ukuta uliokwama kwenye lenta na watoto waliochanganyikiwa. Wiki mbili zinatosha kuwapumzisha watu waliochoka, na wakati wa sikukuu waliochoka ni wengi.

Nieleze tunachofanya. Katika hospitali nyingi za Malawi, kama zilivyo nyingi za kwetu, mgonjwa anakuja na ndugu wa kumpikia na kumfulia. Hospitali zinawatengea banda la kulala na mahali pa kuwasha moto. Ndugu hawa wanakaa wiki, wengine mwezi. Wametoka vijijini mbali, hela imewaishia, na sikukuu inawakuta hapo. Muuguzi ana zamu yake na mgonjwa ana kitanda, lakini ndugu hana chochote. Sisi tunapika kwa ajili yao.

Krismasi moja mvua ilinyesha tangu usiku hadi saa nne asubuhi. Kuni zote zililowa. Tulikuwa vijana saba na masufuria mawili makubwa ya kuazima, na moshi mzito hadi hatuonani. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akimuuguza mumewe alitoka bandani, akatuangalia kwa muda, akarudi ndani, akatoka na magunzi makavu aliyoyaficha chini ya mkeka wake. Akapiga magoti, akayapanga chini ya kuni moja moja, akapuliza. Moto ukashika. Kisha hakurudi ndani tena, akakaa na mwiko mkononi hadi wali ukaiva, akawa ndiye anayetuelekeza nani apakuliwe kwanza. Tulikwenda kumhudumia, na yeye ndiye aliyetuokoa. Mezani, au niseme mkekani, alicheka kwa sauti mara ya kwanza, na mwenzake akaniambia hajamsikia akicheka tangu walipofika.

Kazi nyingine ni kufua mashuka, kuchota maji, kuwasomea wazee, kukaa zamu ya usiku na mgonjwa ili ndugu yake alale walau usiku mmoja. Hazipendezi kwenye picha. Zinahitaji mtu mwenye mikono na subira.

Napenda watoto. Naweza kwenda kwenye kituo cha yatima?

Kwa wiki mbili, mimi nasema hapana, na hapa sitetereki. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja anamzoea haraka kila anayemkumbatia. Wewe unafika tarehe 20 na zawadi na nyimbo, anakushika mkono, anakuita dada. Tarehe 3 Januari unaondoka. Desemba ijayo anakuja mwingine. Kila kuondoka ni jeraha jipya juu ya lile la zamani, na sisi tunarudi nyumbani tukisimulia jinsi walivyolia tulipoaga, kana kwamba kilio kile ni sifa kwetu.

Lipo na baya zaidi. Sehemu mbalimbali duniani imeonekana kwamba wageni wenye fedha wakipenda kutembelea yatima, watoto wenye wazazi hutolewa majumbani wajaze vituo. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu haki za mtoto linalozitaka nchi kuzuia madhara yanayotokana na shughuli za kujitolea katika vituo vya yatima. Kama unapenda watoto, saidia familia iliyompokea mtoto wa ndugu: tengenezeni paa lake, mlimieni shamba lake, mlipieni madaftari kupitia kanisa au shule ya hapo. Mtoto abaki na mtu ambaye Januari atakuwepo.

Ni gharama kiasi gani?

Pasipoti ya kawaida ya Tanzania ni shilingi 150,000: unalipa 20,000 ya fomu, halafu 130,000. Hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote kwa anayekwenda Malawi au Zambia, na pasipoti utaitumia miaka kumi. Zaidi ya hapo ni nauli, chakula chako, na akiba ya dharura ya kukurudisha nyumbani ukiugua. Kwetu sisi kila mmoja anajilipia nauli, na chakula tunachanga kwenye mfuko mmoja. Hatuombi mwenyeji atulishe. Wakituita kula tunakwenda, kwa sababu kukataa ni kumdharau mtu, lakini hatuendi mikono mitupu.

Malawi inahitaji viza?

Mtanzania haombi viza kwenda Malawi wala Zambia kwa matembezi ya muda mfupi. Unagongewa muhuri mpakani na siku unazoruhusiwa zinaandikwa. Zisome hapohapo kabla hujaondoka dirishani. Beba barua ya mwaliko kutoka hospitali, kanisa au shule unakokwenda, yenye jina la mtu na namba ya simu inayopatikana. Afisa akikuuliza unakwenda kufanya nini, sema ukweli. Usiseme unatembea tu wakati barua ya hospitali iko mfukoni, maana ukipekuliwa uongo huo mdogo unaharibu safari ya kundi zima.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe. Chomwa mapema, kwa kuwa cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, hivyo ukiambiwa chako cha zamani kimeisha muda, usikimbilie kuchomwa tena.

Hela nibadilishie wapi?

Benki, au duka la kubadilishia fedha lenye leseni. Mwaka wangu wa kwanza nilibadilisha kwa kijana wa barabarani kwenye geti, aliyenihesabia noti mbele ya macho yangu. Nilipofika Karonga na kuhesabu tena, noti zilikuwa zimekunjwa katikati, kila moja ikahesabiwa mara mbili. Ilikuwa hela ya mchango wa vijana wote. Nilikaa kwenye kitanda cha nyumba ya wageni nikalia, kisha nikampigia kaka yangu Tukuyu anitumie nyingine. Tangu siku hiyo hela ya kundi hubebwa na wawili, na huhesabiwa na wawili.

Tubebe mchele wa Kyela na ndizi kuwapelekea?

Najua moyo unavyotaka. Mgeni wa Kinyakyusa asiye na mkungu wa ndizi anajiona uchi. Lakini msibebe. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingiza baadhi ya mazao, yakiwemo mchele, ndizi, unga wa mahindi na tangawizi, na mwezi uliofuata Tanzania nayo ikazuia mazao ya Malawi. Zuio la upande wetu liliondolewa baada ya siku chache kwa mazungumzo, ila wakulima wa Kyela na Rungwe wanajua ndizi zao zilivyoiva zikiwa kwenye magari. Mambo ya mpakani hubadilika, na mkungu wako unaweza kukulaza getini.

Nunueni hukohuko. Karonga wanalima mchele mzuri sana unaonukia, na wenyewe wanauita Kilombero, jina la bonde letu la Morogoro. Fedha mnayonunulia sokoni kwao nayo ni msaada kwa mkulima wa hapo.

Tutaongea lugha gani?

Ukiwa Mnyakyusa utashangaa. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela wanaongea lugha zinazosikilizana karibu neno kwa neno, mto Songwe tu ndio uliowatenga. Vijana wetu wa mjini ambao Kinyakyusa wanakisikia kwa bibi tu hutoka jasho pale wanapogundua kwamba Karonga wanakihitaji kuliko Kiingereza. Mndali wa Ileje naye atawakuta ndugu zake Chitipa. Mhehe, Mbena au Mkinga atategemea Kiingereza na Kiswahili, ambacho karibu na mpaka wengi wanakisikia, hasa sokoni. Ukienda kusini zaidi kuna Kitumbuka, jifunze *yewo*, ndiyo asante. Kwa Kichewa ni *zikomo*.

Jambo moja la adabu: ziwa tunaloliita Nyasa wao wanaliita Malawi, na nchi zetu mbili zina mvutano wa siku nyingi juu ya mpaka wake, uliotokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890. Usiufungue mjadala huo kwenye sahani ya mwenyeji.

Kuna tofauti ya saa?

Malawi na Zambia ziko nyuma yetu kwa saa moja. Na mkipanga muda, taja asubuhi au jioni na useme unahesabu kwa mtindo gani, kwa sababu wao hawahesabu saa kama Waswahili. Ukiambiwa saa mbili, uliza tena.

Afya je?

Watu wa milimani tujihadhari. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Makete na Njombe ni baridi zaidi. Karonga iko ufukweni, kuna joto, na Desemba ni mvua na mbu. Aliyekulia Makete hana kinga ya malaria aliyonayo wa ziwani. Beba chandarua, lala ndani yake hata ukisikia joto, na homa ikikupata nenda ukapime siku hiyohiyo. Ziwani kuna kichocho, kwa hiyo usiingie majini karibu na matete na makazi kwa sababu tu watoto wanaogelea. Ukirudi nyumbani ukapata homa ndani ya wiki chache, mwambie daktari ulikuwa wapi.

Na Ulaya inakuwaje?

Kwa njia ya uhakika, Ulaya si safari ya Krismasi peke yake. Ni mwaka, na Krismasi iko katikati yake. Ujerumani ina huduma ya kujitolea ya serikali iliyoanza 2011, baada ya kusimamisha jeshi la lazima, na ina mpango wa weltwärts ulioanza 2008 kwa ajili ya kuwapeleka vijana wao nchi kama yetu. Tangu 2013 mpango huo unapokea na vijana kutoka kwetu kwenda kwao, wenye miaka 18 hadi 28. Unapata malazi, chakula, bima ya afya na hela kidogo ya mfukoni. Njia ya kuingia ni kupitia taasisi zenye ushirika na Wajerumani, na Nyanda za Juu Kusini zimejaa ushirika huo tangu wamisionari wa Moravian na wa Berlin walipofika Unyakyusa 1891. Kaulize ofisi ya jimbo au dayosisi yako kabla hujaingia mtandaoni.

Viza ya mwaka mzima inaombwa ubalozi wa Ujerumani, Dar es Salaam. Jengo ni Umoja House. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, hivyo hakikisha karatasi zote ziko sawa kabla hujapanda basi. Nimeona mtu akirudishwa kwa picha ya pasipoti yenye vipimo visivyo sahihi.

Haiwezekani kwenda wiki mbili tu Ulaya?

Inawezekana ukialikwa, mathalani na usharika rafiki. Hapo unaomba viza ya Schengen ya muda mfupi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024 na hairudishwi ukinyimwa. Unatakiwa kuwa na bima ya safari inayofikia walau yuro 30,000, na maombi yapelekwe si chini ya siku 15 kabla ya safari. Kwa safari ya Desemba, mimi naanza Agosti. Viza hiyo si kibali cha kazi, na baadhi ya kazi za kujitolea zinahesabiwa kuwa kazi, kwa hiyo barua ya mwaliko ieleze waziwazi utakachofanya. Ukijumlisha ada, bima na tiketi ya ndege, hela hiyo ingewapeleka vijana wengi Karonga. Nalisema ili ulijue, uamuzi ni wako.

Kuna wakala ameniambia nitume hela nipate nafasi Ulaya kabla ya Krismasi. Nimwamini?

Usitume. Taasisi ya kweli ya kujitolea haikutumii namba ya simu ya mtu binafsi ulipie nafasi, haikuharakishi, na haikuambii usimwambie mzazi. Ikiwa ameomba akushikie pasipoti, au safari inapita nchi ambayo hukuitaja, au "kujitolea" kwenyewe ni kazi za ndani kwa mtu usiyemjua, hapo si utapeli wa hela tu. Tuna Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008, na polisi na Uhamiaji wanapokea taarifa hizo. Binti mmoja wa wilaya yetu alikuwa ameshauza mbuzi watatu wa bibi yake alipokuja kuniuliza swali hili. Mbuzi walikwisha kwenda, yeye alibaki. Nashukuru aliuliza.

Krismasi ya Ujerumani ikoje?

Ina kimya ambacho hakuna aliyenionya. Kwetu Krismasi ni mlango wazi: watoto wanapita nyumba kwa nyumba wakidai mkono wa sikukuu, redio ya jirani inalia, nyama inakaangwa, ndugu wa Dar wameshuka na basi la usiku. Kule sikukuu inaanza jioni ya tarehe 24. Maduka yanafungwa mchana, mabasi yanapungua, watu wanaingia ndani na familia zao na mlango unafungwa. Tarehe 25 na 26 zote ni mapumziko. Jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na saa kumi jioni limeshazama. Mgeni asiyejua hilo anatoka jioni kutafuta mkate, anakuta mji mzima umefungwa na taa zinawaka madirishani.

Nyumba niliyofanya kazi ilikuwa Sachsen, mashariki, si mbali na Herrnhut, mji uliotuma wamisionari wa Moravian hadi Rungwe. Mlangoni walitundika nyota ya Herrnhut, ile kubwa yenye ncha 25. Kwa mtu aliyebatizwa Rungwe, kuiona ilikuwa kama kukutana na shangazi ambaye nimemsikia tu akitajwa.

Niliomba zamu ya jioni ya tarehe 24 ili wenzangu wenye watoto wakae nyumbani. Wazee wengi walichukuliwa na ndugu zao, wakabaki tisa. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa kusahau. Kila jioni aliuliza kama mwanawe amefika, na siku hiyo aliuliza labda mara ishirini. Nilimlisha saladi ya viazi na soseji, ndicho chakula chao cha usiku ule, nikamfuta mdomo, nikakaa. Alinishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akauangalia kwa muda mrefu. Nikadhani anashangaa rangi. Akaniuliza, "Mama yako anajua uko hapa?" Nikasema anajua. Akasema, "Basi mpigie, asikae dirishani."

Nilitoka korido nikampigia mama. Kijijini umeme ulikuwa umekatika, nilisikia mvua kwenye bati na wadogo zangu wakigombania paja la kuku. Sikuweza kusema neno, nikamwachia asikilize nikipumua. Niliporudi, bibi alikuwa amelala.

Nitashindaje upweke?

Utalia, na hakuna aibu. Ila jipange: omba zamu siku yenyewe ya sikukuu, kwa sababu asiye na kazi ndiye anayeumia zaidi. Pigia nyumbani kwa muda mliopatana, kisha weka simu chini. Ukikaa unaangalia picha za wenzako wakila, siku itakuwa ndefu. Pika kitu cha kwenu na ugawe. Na ukialikwa kwa mtu, nenda, hata ukijisikia mzito. Wajerumani hawaaliki kwa kupitiliza, akikualika amefikiri.

Mimi ni Mwislamu. Naweza kujiunga?

Ndiyo, na tumekwenda na Waislamu mara mbili. Mgonjwa haulizi aliyemletea maji anasali wapi. Mambo ya nyama na nyakati za sala tunayapanga mapema, usione haya kusema.

Naruhusiwa kupiga picha?

Za kundi, za safari, za mlima, piga. Wodini hapana, kamwe. Mtoto wa mtu usimpige bila mzazi wake kukubali, na kukubali kwa sababu umemletea sabuni si kukubali. Jiulize kama ungependa mama yako apigwe picha akiwa na khanga ya hospitali, kisha asambazwe kwenye makundi ya watu asiowajua.

Nimeamua. Kesho asubuhi nianze na nini?

Anza na wazazi. Ukishapata neno lao, tafuta cheti chako cha kuzaliwa, cha mzazi au kiapo chake, na kitambulisho cha NIDA au namba yake, ujaze fomu ya pasipoti kwenye tovuti ya Uhamiaji na kulipa kwa namba ya malipo utakayopewa. Usimpe mtu wa stationery akujazie bila wewe kusoma kila mstari, jina likikosewa herufi moja unarudi mwanzo. Fomu unaipeleka mwenyewe ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, ukiwa na nakala na picha, na hapo unachukuliwa alama za vidole. Ukikaa Iringa kumbuka kilomita 330 za kufika Mbeya, na mabasi ya Desemba hujaa wiki mbili kabla, kwa hiyo kata tiketi mapema. Kisha nitafute Oktoba. Njoo na viatu vya mvua, na uniambie kama unajua kuwasha moto kwa kuni mbichi.